Landsat, Sentinel-2 au picha za mkataba? Kabla ya kuchagua, tazama bajeti

Maafisa misitu, wapimaji na wanafunzi wa GIS (mifumo ya kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta) huuliza swali lilelile: nitumie Landsat au Sentinel-2? Jibu wanalolitarajia ni la ukubwa wa pikseli, yaani kile kipande kidogo kabisa cha ardhi ambacho picha inaweza kukitofautisha. Mita 10 ni bora kuliko mita 30, basi, yameisha. Kama kazi yako inaisha mwezi huu, jibu hilo linatosha. Lakini kama unaandaa taarifa ya matumizi ya ardhi itakayorudiwa kila baada ya miaka mitano, au unatafuta msitu ulivyokuwa kabla barabara haijapita, lipo jambo zito kuliko pikseli: nani anailipia setilaiti hiyo, analipa kwa utaratibu gani, na siku akichoka kulipa wewe utabaki na nini mkononi.

Hapa nalinganisha njia tatu. Kuna Landsat ya Marekani, inayotegemea bajeti ya kila mwaka. Kuna Sentinel za Umoja wa Ulaya, zenye bajeti ya miaka saba saba. Na kuna picha za kampuni binafsi ambazo serikali fulani huzinunua kwa mkataba na kuzigawa bure kwa muda. Nyingine nitazigusa nikipita.

Pikseli kwanza, tulimalize hilo

Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Pikseli moja ya Landsat, mita 30 kwa 30, inafunika mita za mraba 900, kwa hiyo ekari nzima inaingia pikseli nne na nusu. Na kwa kuwa mipaka ya mashamba yetu haifuati mistari ya pikseli, zile zilizokaa ndani ya shamba lako tu huenda zikawa moja au mbili. Zilizobaki zimechanganya mahindi yako na migomba ya jirani na njia ya ng'ombe. Ekari hiyo hiyo kwenye Sentinel-2 inapata pikseli 40. Kwenye picha za kampuni binafsi ya Planet zenye pikseli ya mita 4.77 inapata karibu 180. Kwa shamba la mkulima mdogo, Landsat imeshindwa mapema na hakuna haja ya kuitetea.

Ila hiyo mita 10 ya Sentinel-2 isomwe vizuri. Kati ya bendi zake 13, yaani aina za mwanga ambazo kamera inazinasa kila moja peke yake, ni nne tu zenye mita 10: bluu, kijani, nyekundu na ile ya infraredi iliyo jirani na nyekundu. Bendi zinazotambua unyevu na makovu ya moto ni za mita 20, na tatu za kusahihishia hali ya hewa ni za mita 60. Anayechora maeneo yaliyoungua kule Miombo anafanya kazi kwa mita 20 hata kama ripoti yake inasema 10.

Kuhusu marudio, Landsat 8 na 9 kila moja hurudi mahali pale pale baada ya siku 16, na kwa kuwa zimepishanishwa unapata picha kila siku 8. Upana wa picha ni kilomita 185. Sentinel-2 mbili zikiwa kazini hurudi kila siku 5, kwa upana wa kilomita 290. Mwezi wa Aprili kwenye milima ya Usambara, hiyo maana yake ni nafasi kama sita za kubahatisha upenyo wa mawingu badala ya nne. Bado waweza kukosa zote. Kwa masika ya milimani, jibu la kweli ni Sentinel-1, ambayo ni rada na haijali wingu. Tutaifikia, maana nayo ina kisa chake cha fedha na roketi.

Landsat: miaka hamsini ya kuponea chupuchupu

Wazo la Landsat lilitoka Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, ambako mkurugenzi William Pecora alitaka jicho la angani la kutazama ardhi na maliasili. Septemba 1966 Waziri wa Mambo ya Ndani, Stewart Udall, akautangaza mradi hadharani kabla wenzake serikalini hawajakubaliana. (Wizara hiyo kule inasimamia ardhi, hifadhi na madini, si polisi.) Ofisi ya bajeti haikufurahi hata kidogo, kwa nini kulipia setilaiti wakati ndege zipo? Hata hivyo setilaiti ya kwanza iliruka tarehe 23 Julai 1972 kwa jina la ERTS-1, na mwaka 1975 mpango ukapewa jina la Landsat.

Tangu siku hizo kuna ugomvi mmoja usiokwisha: hii ni kazi ya nani? NASA, shirika la anga la Marekani, inapenda kujenga vitu vipya, na kitu kikishathibitika inataka kwenda kwenye kingine. USGS inazihitaji picha mwaka hadi mwaka lakini haikuwa na fedha za kujenga setilaiti. Mwaka 1979 Rais Carter aliagiza mpango ukabidhiwe NOAA, idara ya hali ya hewa na bahari, ambayo ardhi si fani yake. Mwaka 1984 Kongresi, yaani bunge la Marekani, ikapitisha sheria ya kuubinafsisha, na mwaka uliofuata kampuni ya EOSAT ikapewa haki ya kuendesha na kuuza. Bei ya picha moja ikapanda hadi kupita dola 4,000.

Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapoguswa moja kwa moja. Landsat 1, 2 na 3 zilikuwa na vinasa vya mikanda, ziliweza kupiga picha huku na kuzishusha kwingine. Landsat 4 na 5 hazikuwa na kinasa. Picha ilipaswa kushushwa papo hapo kwenye kituo cha ardhini kilicho karibu, au ipitishwe kwenye setilaiti za kupokezana. Ongeza kwamba muuzaji alielekeza kamera palipo na mnunuzi. Nani angelipa dola elfu nne kwa picha ya bonde la Kilombero? Matokeo yake ni kituko ambacho kila anayetafuta picha za zamani hukutana nacho: ya katikati ya miaka ya 1970 mara nyingi unaipata, ingawa ina pikseli kubwa za kama mita 80, lakini ukitaka ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 unabadili tarehe mbele na nyuma, unaongeza kiwango cha mawingu unachokubali, na bado orodha inakuja tupu. Kosa si la mtandao wala la programu unayotumia. Picha nyingi za kipindi kile hazikupigwa, kwa uamuzi wa kisera uliofanywa Washington.

Mwaka 1989 NOAA iliishiwa fedha za uendeshaji na amri ya kuzizima Landsat 4 na 5 ikawa imeshaandaliwa. Fedha za dharura ndizo zilizoziokoa. Mwaka 1992 sheria mpya ikaurudisha mpango mikononi mwa serikali. Kisha Oktoba 1993 Landsat 6 ikashindwa kufika kwenye njia yake angani. Ikabaki Landsat 5, iliyorushwa 1984 ikiwa imetengenezwa kuishi miaka mitatu. Ikafanya kazi karibu miaka 29 na kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Watu huisimulia kama sifa ya mafundi, na ni kweli, mafundi wapewe haki yao. Lakini kwa mpangaji ni habari ya kutisha: kumbukumbu ya ardhi ya dunia nzima ilikuwa imening'inia kwenye mashine moja kuukuu kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu la kununua nyingine kwa wakati.

Landsat 7, Aprili 1999, ilikuja na mabadiliko mawili yanayohesabika hadi leo. Ilikuwa na kinasa chake, na ilikuwa na mpango wa upigaji picha uliolenga kufunika nchi kavu yote ya dunia kila msimu, mnunuzi awepo asiwepo. Ukiona picha za Tanzania zinaanza kujaa kuanzia 1999, sababu ni hiyo. Bei ilishuka hadi dola 600. Mkosi ukaja tarehe 31 Mei 2003, kifaa cha kunyoosha mistari ya picha kilipokufa. Fungua picha yoyote ya Landsat 7 ya baada ya hapo: katikati ni safi, halafu ukisogea kulia au kushoto mistari myeusi inaanza, nyembamba kwanza, kisha inapanuka kama kabari hadi ukingoni. Karibu asilimia 22 ya kila picha imepotea. Kijiji chako kikiangukia katikati una bahati. Kikiangukia pembeni utakiona nusu.

Wakati huo mrithi alipaswa kuwa njiani. Badala yake serikali ilijaribu kwanza kununua data kutoka kampuni binafsi. Mwaka 2003 ikaghairi. Mwaka 2004 ikaamua kamera ya Landsat ipandishwe kwenye setilaiti za hali ya hewa. Desemba 2005 ikaghairi tena na kurudi kwenye setilaiti inayojitegemea. Landsat 8 ikaruka Februari 2013. Landsat 5 ilikuwa imesimamisha kamera yake kuu Novemba 2011. Kwa hiyo mwaka 2012 mzima dunia ilibaki na Landsat 7 na mistari yake. Ukipanga vipindi vya kulinganisha, usiuweke mwaka huo kama mwaka wa msingi. Chukua 2010 au 2013 uokoe usingizi wako.

Katikati ya vurugu hizo palitokea uamuzi bora kuliko yote. Mwaka 2008 USGS ilitangaza kwamba ghala lote la Landsat litafunguliwa bure. Mwaka ambao mauzo yalikuwa makubwa kuliko yote, 2001, ziliuzwa picha kama 25,000. Mwaka wa kwanza wa bure zilipakuliwa zaidi ya milioni moja. USGS ilikuja kukadiria kwamba faida iliyotokana na picha hizo kwa mwaka 2017 pekee ilikuwa dola bilioni 3.45. Pamoja na hesabu hizo, mwaka 2018 mjadala wa kurudisha malipo uliibuka tena serikalini. Haukufika popote, ila ulionyesha kwamba hata bure ya Landsat ni sera, na sera hubadilika.

Kisa kimoja cha bajeti kinafaa kujulikana na kila anayeshughulika na maji. Landsat 8 ilipangwa kuruka bila kitambuzi cha joto, kwa kubana matumizi. Majimbo ya magharibi ya Marekani, Idaho likiwa mstari wa mbele, yalikuwa yanatumia bendi hiyo kukadiria kiasi cha maji yanayotumiwa na mashamba ya umwagiliaji, na yakapiga kelele. Kitambuzi kikaongezwa dakika za mwisho, kikiwa kimetengenezwa kuishi miaka mitatu huku chombo chenyewe kikikadiriwa mitano, na kweli kikasumbuliwa na mwanga wa pembeni unaoharibu vipimo. Kwenye Landsat 9, iliyorushwa Septemba 2021 ikiwa karibu nakala ya Landsat 8, tatizo hilo lilirekebishwa. Sentinel-2 haina bendi ya joto kabisa. Kama kazi yako ni joto la Dar es Salaam mtaa kwa mtaa, au matumizi ya maji kwenye skimu ya mpunga, mjadala wa Landsat au Sentinel umeshakwisha: ni Landsat, na ikiwezekana 9.

Na mbele je? NASA inajenga na kurusha. USGS inaendesha na kutunza ghala lake Sioux Falls, South Dakota. Mpango uliofuata, Landsat Next, ulikuwa wa kuvutia: setilaiti tatu, bendi 26, marudio ya siku 6, kurushwa mwanzoni mwa miaka ya 2030. Kisha pendekezo la bajeti ya Ikulu ya Marekani kwa mwaka wa fedha 2026 likataka mpango huo upangwe upya na itafutwe njia ya gharama ndogo. Anayeifahamu historia ya Landsat hakushtuka. Fedha zake hupita Kongresi kila mwaka, na kila mwaka ni mwaka wa kuomba upya.

Ulaya: bajeti ya miaka saba, na roketi hakuna

Wazungu walianza kwa karatasi. Mei 1998 mashirika ya anga yalikutana Baveno, Italia, yakatoa tamko la kuwa na mfumo wa Ulaya wa kufuatilia mazingira. Mfumo huo ulipewa jina la GMES, na mwishoni mwa 2012 ukaitwa Copernicus. Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lingetengeneza setilaiti za kwanza kwa michango ya nchi wanachama. Umoja wa Ulaya ungelipia zinazofuata na uendeshaji. Mgawanyo huo unapendeza kwenye slaidi. Mwaka 2011 Tume ya Ulaya ilipendekeza gharama za uendeshaji ziondolewe kwenye bajeti ya kawaida ya Umoja ili kila nchi ichangie kivyake. Bunge la Ulaya likapinga, na ESA ikasema wazi kwamba haina sababu ya kurusha setilaiti ambazo hakuna anayejua nani ataziendesha. Mwishowe mpango ukarudishwa ndani: yuro bilioni 4.3 kwa miaka 2014 hadi 2020. Kipindi kilichofuata, 2021 hadi 2027, ulipata kama bilioni 5.4.

Mimi nauheshimu utaratibu huu kuliko wa Marekani. Fedha ya miaka saba inamwezesha mtu kuagiza setilaiti mbili pamoja na mbili za akiba, na ndivyo walivyofanya. Sentinel-2A iliruka Juni 2015, 2B Machi 2017, na ilipofika Septemba 2024 Sentinel-2C ikaruka kuchukua nafasi ya 2A kabla 2A haijafa. Linganisha na Landsat 5 iliyoachwa peke yake ikizeeka. Ubure wa data nao umeandikwa kwenye kanuni za Umoja tangu 2013. Haukuja baadaye kama huruma.

Lakini fedha si roketi. Sentinel-1B, moja ya rada mbili, ilipata hitilafu ya umeme Desemba 2021 na haikufufuka. Mbadala wake, 1C, ilikuwa tayari imejengwa. Roketi ndiyo haikuwepo: Soyuz za Urusi zilitoka mezani baada ya vita vya Ukraine mwaka 2022, na Vega-C ya Ulaya ikafeli Desemba mwaka huo huo. Sentinel-1C ikasubiri hadi Desemba 2024, na 1D ikafuata Novemba 2025. Karibu miaka mitatu dunia ilitegemea rada moja badala ya mbili. Waliojenga mifumo ya tahadhari ya mafuriko kwa kudhani marudio yatabaki yaleyale walilazimika kupanga upya. Ukichora mfululizo wa Sentinel-1 wa eneo lako na ukaona nukta zimekuwa chache kuanzia 2022 hadi 2024, usidhani umekosea kuchuja.

Uingereza nayo ilipotoka kwenye Umoja ilitoka na mchango wake, ikaacha pengo kwenye fedha za setilaiti zijazo, kisha ikarejea Copernicus Januari 2024. Somo kwa anayechagua: Ulaya inayumba, ila inayumba polepole, na unayaona mabadiliko yakija miaka kadhaa kabla.

Udhaifu halisi wa Sentinel-2 ni umri. Kabla ya 2015 hakuna kitu. Na hata ndani ya umri wake mfupi kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukiharibu kazi za watu makini: tangu tarehe 25 Januari 2022 namna ya kuandika thamani za pikseli ilibadilishwa, zikaongezewa 1,000. Anayechukua picha za 2021 na za 2022 bila kuondoa nyongeza hiyo ataona mimea imebadilika ghafla nchi nzima usiku mmoja. Kwenye Google Earth Engine, huduma ya mtandaoni ya kuchambua picha za setilaiti, chukua mkusanyo uliokwisha kusawazishwa. Ukipakua mwenyewe, toa hiyo 1,000 kwa mkono.

Picha za mkataba

Njia ya tatu ni tamu na ndiyo ya kuogopwa. Mwaka 2020 serikali ya Norway, kupitia mpango wake wa misitu na tabianchi, iliingia mkataba na kampuni za KSAT, Planet na Airbus. Picha za mita 4.77 za ukanda wote wa tropiki, kuanzia Amazon na Kongo hadi kwetu, zikawekwa wazi kwa wasio wafanyabiashara. Kwa mara ya kwanza afisa msitu wa wilaya aliweza kuona tanuri la mkaa na uwazi uliozunguka tanuri hilo bila kuomba fedha. Watu walizizoea haraka. Mafunzo yakaandikwa, miongozo ikaandikwa, hata takwimu za msingi za miradi zikajengwa juu yake. Mapema 2025 mkataba ukaisha, na mtiririko wa picha mpya za bure ukakoma.

Siwalaumu Wanorway, walilipia walichoahidi na zaidi kidogo. Wa kulaumiwa ni aliyesoma "bure" akadhani ameona "daima". Picha za aina hii zinafaa sana kuhakiki ramani, yaani kuangalia kama ulichokiita msitu kwenye Sentinel ni msitu kweli. Hazifai kuwa msingi wa mfululizo wa miaka kumi, isipokuwa taasisi yako ina kasma ya kuzinunua siku mfadhili akiondoka.

Ufaransa inatoa mfano wa taratibu zaidi wa jambo hilo hilo. Setilaiti za SPOT, kuanzia ya kwanza Februari 1986, zilijengwa kwa fedha za umma na picha zikauzwa na kampuni. SPOT 6 na 7 zilifadhiliwa na kampuni yenyewe, na SPOT 7 ikaishia mikononi mwa Azabajani. Habari njema ni kwamba shirika la anga la Ufaransa, CNES, limekuwa likifungua ghala la SPOT 1 hadi 5. Kwa pengo letu la miaka ya 1990, ambalo Landsat haikulijaza, pale ni mahali pa kwanza pa kutafuta.

China na Brazil nazo zina CBERS, mpango wa pamoja tangu 1988, na Brazil ilianza kugawa picha zake bure mwaka 2004, miaka minne kabla ya Marekani. Tatizo ni mapengo: CBERS-2B ilikoma 2010, CBERS-3 ikaanguka wakati wa kurushwa Desemba 2013. Ni ya kujazia, si ya kujengea.

Basi nichukue ipi?

Kwa mabadiliko ya muda mrefu, kama mikoko ya Rufiji, kingo za msitu wa Mau au kupanuka kwa miji, msingi ni Landsat, hakuna mshindani. Fanya uchambuzi mzima kwa mita 30, hata miaka ambayo Sentinel ipo, ili usilinganishe vitu viwili tofauti. Mtu anayechukua Landsat ya 1995 na Sentinel-2 ya 2023, kisha akatangaza hekta zilizopotea hadi desimali ya pili, amepima zaidi tofauti ya kamera kuliko tofauti ya msitu.

Kwa mazao ya msimu huu na mashamba madogo, Sentinel-2. Kwa mafuriko na maeneo ya mawingu, Sentinel-1. Kwa joto na maji ya umwagiliaji, Landsat. Kwa anayehitaji picha nyingi na hajali mita 10, NASA inatoa seti iliyounganisha Landsat na Sentinel-2 kwa mita 30, yenye marudio ya siku mbili hadi tatu, na nadhani haitumiki vya kutosha kwetu.

Swali jingine linalojitokeza ni la milango ya kupitia. RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali kilichoko Nairobi tangu 1975, na Digital Earth Africa hurahisisha kazi: data imeshasafishwa na kupangwa kwa ajili ya Afrika. Zitumie. Ila kumbuka hao ni wasambazaji, na wengine wao wanaishi kwa fedha za wafadhili. Digital Earth Africa, kwa mfano, ilianza kwa msaada wa serikali ya Australia na mfuko wa Helmsley. Mlango ukifungwa, data yenyewe bado ipo USGS na Copernicus, kwa hiyo andika hatua zako kwa namna ambayo unaweza kuzirudia kwa kupakua moja kwa moja. Taifa-1, setilaiti ndogo ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023, ni hatua ya kujenga wataalamu. Haijaja kuchukua nafasi ya hizi kubwa.

Kwa taasisi inayoandika andiko la miaka kumi sasa hivi, halmashauri au mradi wa kaboni, ningetaka kipengele cha data kiseme mambo matatu. Kwanza, msingi umejengwa juu ya mifumo miwili ya umma, Landsat na Sentinel-2, na hatua za kubadilisha mmoja kwa mwingine zimeandikwa na kujaribiwa. Pili, picha zilizotumika kwenye takwimu za msingi zimehifadhiwa kwenye diski ya taasisi, si kwenye akaunti ya mtaalamu mwelekezi. Tatu, kuna tarehe mbili za kufuatilia. Bajeti mpya ya Ulaya inaanza 2028, na Julai 2025 Tume ilipendekeza fedha za anga ziingizwe kwenye mfuko mpana wa ushindani pamoja na ulinzi, jambo litakalofanya fungu la Copernicus liwe gumu kuliona kwa macho. Ya pili ni kila tarehe 1 Oktoba, mwaka wa fedha wa Marekani unapoanza, kuona Landsat Next imepewa nini. Landsat 8 ilitengenezwa kuishi miaka mitano na imeshapita kumi na miwili.